Mrejesho: mashua ya marehemu baba, Bwawa la Mtera

Shikamooni wakubwa zangu. Mwezi uliopita niliomba ushauri kama fedha kidogo niliyokuwa nayo niitumie kununua tanga jipya na mashine kwa ajili ya mashua ya zamani aliyoniachia marehemu baba, nanyi mkanisihi nisitumie hata shilingi kabla sijakagua mkuku (uti wa chini wa mashua) na mataruma (mbavu zake za ndani).

Nashukuru kwa dhati kwamba niliwasikiliza. Fundi aliyetoka upande wa Migoli alichokonoa kila taruma kwa ncha ya kisu, na mawili ya karibu na shetri (sehemu ya nyuma ya chombo) yakaingia kisu hadi mpini, mbao ikitoka laini kama ugali uliolala, ingawa kwa nje rangi ilikuwa bado inang'aa. Alinieleza kwamba bwawani hakuna wale wadudu wa baharini watoboao mbao, lakini maji ya mvua yanayotuama ndani ya chombo huozesha mbao upesi kuliko maji ya chumvi.

Mataruma hayo tumeyabadilisha kwa mninga, tukakalafati upya, yaani tukaziba nafasi kati ya mbao, kwa pamba iliyolowekwa mafuta, kisha tukaizamisha mashua siku mbili kwenye maji ya kina kifupi ili mbao zivimbe na kuziba. Mlingoti haukuguswa. Tanga la zamani nimelishona viraka na kubadilisha tu dasi (kamba ya pindo lake).

Mashine nimeiacha, kwa kuwa mtetemo wake ungeilegeza shetri iliyotengenezwa juzi. Jumamosi nilitweka tanga, na hadi jioni sikukumba maji kutoka chomboni zaidi ya kopo moja.