Programu gani ya kusafisha picha ya bibi bila kumfuta kipini?

mjukuu_wa_pangani:
Wakuu, salaam.

Nina picha ya bibi mzaa mama, nyeusi na nyeupe, saizi ya postikadi, aliyopigwa Tanga mjini mwaka alioolewa, 1967. Imekaa kwenye fremu ukutani Pangani zaidi ya miaka 50, na unyevu wa pwani mnaujua. Pembe ya chini kushoto imegandana na kioo, ina madoa ya kahawia kama mtu kamwagia chai, na ufa unaanzia shingoni hadi begani.

Wiki iliyopita niliipitisha kwenye programu moja ya simu, zile za kubonyeza mara moja. Ikatoka inang'aa. Nikampelekea mwenyewe kwa mbwembwe. Akavaa miwani, akaitazama, akaniuliza, "Huyu binti wa nani?" Ngozi imelainishwa kama ya mtangazaji wa tivii, amepewa meno wakati siku ile alifumba mdomo, na kipini cha puani kimefutwa. Nadhani mashine iliona ni vumbi.

Nataka programu nitakayoiongoza mimi. Laptopu ni ya zamani, RAM 4, na kulipia kila mwezi siwezi. Halafu niliskani steshenari, picha imetoka imefifia kama ina moshi. Mnanishauri nini?

fundi_chumba_cha_giza:
Kwanza, pole, na USIBANDUE hiyo picha kwenye kioo. Ukiivuta, sura inabaki kwenye kioo na wewe unabaki na karatasi.

Moshi unaousema ni kwa sababu skana nyingi za steshenari zimetengenezwa kuona kitu kilicholala juu ya kioo chake kabisa. Yako ina kioo cha pili katikati, kwa hiyo haifiki. Ipige kwa simu, pamoja na kioo chake. Ifute kioo kwa nje, ilaze karibu na dirisha mwanga uingie kwa ubavu, simu iwe sambamba na picha. Ili usijione mwenyewe kwenye kioo, azima baibui, litoboe tundu la lenzi (au tumia kitambaa cheusi, ukiipenda ndoa yako), liwe kama pazia kati ya simu na picha. Piga kwa rangi, hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Sababu nakuja nayo.

Programu: GIMP. Ni ya bure, haina malipo ya mwezi, na RAM 4 inaiweza picha moja bila shida. Fungua, nenda kwenye menyu ya rangi, tenganisha nyekundu, kijani na bluu, kila rangi iwe picha yake. Tazama ile ya bluu: madoa ya chai yatakuwa meusi tii. Tazama ya nyekundu: mengi hayaonekani, maana doa la kahawia linameza mwanga wa bluu lakini wekundu linauachia. Chukua hiyo ya nyekundu ndiyo uanzie kazi. Umeokoa saa nzima ya kusugua.

Vidoa vidogo tumia kifaa chenye alama ya plasta, bonyeza H. Ufa wa shingoni, pale unapovuka ukingo wa mtandio, usitumie plasta, itakupakazia weusi kwenye ngozi. Hapo ni muhuri, herufi C, brashi ndogo, polepole. Na fanya yote kwenye leya ya nakala (tabaka linalokaa juu ya picha ya asili) ili ukiharibu ufute leya, siyo bibi.

dada_steshenari:
Sisi wa steshenari mnatusema, lakini mteja akija haombi kitu, anasema "niskanie" basi, nasi tunatoa PDF. Picha isiyo na kioo, mwambie kijana akuwekee 600 dpi (nukta kwa inchi), rangi, faili la TIFF au PNG. Postikadi kwa 600 inakupa kama pikseli 2,100 kwa 3,300, unachapisha hata mara mbili ya ukubwa wake.

Kama GIMP inakutisha, jaribu Photopea. Inafunguka ndani ya kivinjari, bure, matangazo tu pembeni, na picha inabaki kwenye kompyuta yako.

kijana_wa_sasa:
Mnamtesa mwenzenu. AI (akili mnemba) siyo adui. Mimi naitumia kwa ukuta wa nyuma, nguo, sakafu. Sura naizungushia mstari, haiguswi.

fundi_chumba_cha_giza:
Hapo kwa sakafu sikupingi. Sura yenye pikseli chache mashine haiikumbuki, inaitunga.

mjukuu_wa_pangani:
Mrejesho, wakuu. Baibui nilipewa la zamani, tundu nimelitoboa kwa idhini. Ile ya nyekundu ni kweli kabisa, madoa yamebaki mawili tu. Ufa umenichukua usiku mbili.

Kilichonikwamisha ni kidoa kimoja kidevuni. Baada ya yaliyotokea kwa kipini nikaogopa kukigusa. Nikampigia mama, akasema labda ni baka, hakumbuki. Mjomba akasema ni chunjua, ilikuwepo. Jumamosi nikapanda gari hadi Pangani, nikamwekea bibi laptopu mapajani, nikaikuza. Akasogeza uso mpaka karibu aguse kioo.

"Kipini changu hiki hapa," akasema. Nikamwonyesha kidevuni.

"Hayo mavi ya nzi, mwanangu. Futa."

Nimefuta.