Ushauri: Rivolva ya magnum ya kuwindia kulungu, nichukue .44, .454 au nipande moja kwa moja hadi .500?

Mtambaa_Msitu (mleta uzi)
Habarini wakuu. Naomba msaada, hasa kwa wale wanaowinda kwa bastola na si kwa bunduki ndefu. Nipo Marekani, nawinda kulungu wa mkia mweupe kwenye msitu mzito ambao huoni mbali. Rivolva (bastola ya silinda) niliyonayo ni .357 Magnum, mtutu inchi 4; namba hizi ni kaliba, yaani ukubwa wa risasi. Nataka kuachana nayo. Nimesoma mpaka kichwa kinauma. Huyu anasema .44 inatosha, yule anasema .454 Casull, mwingine anasema kama unaingia gharama nunua .500 umalize kabisa. Msimu umebaki wiki saba na sitaki kukosea. Nichukue ipi? Leseni na vibali ninavyo, kwa hiyo hilo tusilijadili. Nawasilisha.

Kipenzi_cha_41
Mkuu, umezitaja zote ukairuka ile yenyewe. .41 Magnum ilitoka 1964, kichwa cha risasi greni 210 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa), ipo katikati ya .357 na .44 na imechukua uzuri wa zote mbili. Teke lake linavumilika, kulungu anatobolewa upande hadi upande. Nina yangu mwaka wa kumi na tisa sasa. Risasi zake ni adimu kidogo, nakubali, lakini ukijaza mwenyewe nyumbani hilo si tatizo. Chukua .41, utanikumbuka.

Mzee Shabaha
.44. Kuna mtu anaitwa Elmer Keith, mfugaji na mwindaji, alikaa miaka mingi akiijaza .44 Special, risasi ya zamani iliyo dhaifu zaidi, baruti kupita kiwango mpaka watengenezaji Smith & Wesson na Remington wakakubali kutengeneza kitu rasmi, tukapata .44 Magnum 1955. Kichwa cha greni 240 kwenye futi 1,300 kwa sekunde, na hapo kulungu hana hoja. Halafu siku ya mazoezi unaweka .44 Special kwenye rivolva hiyohiyo, mkono unapumzika. Nimewinda kwa hiyo tangu nina nywele nyeusi.

Nyayo_Mbichi
Mtambaa, karibu. Kabla sijataja namba yoyote nina maswali. Unapiga umbali gani? Unatumia risasi ya aina gani? Na kwa nini unaiacha .357? Hiyo ipo tangu 1935 na imeshalaza kulungu wengi. Mtu haachi chombo bila sababu.

Tuliza_Boli
Mimi naona ungechukua bunduki ndefu tu kaka. Kwa nini ujitese na bastola?

Mtambaa_Msitu
Tuliza_Boli, swali langu ni la rivolva. Bunduki ndefu ninayo. Mzee Shabaha, shikamoo na asante. Kipenzi, .41 sikuifikiria kwa sababu ya upatikanaji. Dada Nyayo, umbali unategemea siku. Risasi ni za kawaida. .357 naiacha kwa sababu nataka nguvu zaidi, basi.

Nyayo_Mbichi
"Za kawaida" ni zipi? Na "unategemea siku" si jibu, mdogo wangu. Umeshawahi kumpiga kulungu kwa hiyo .357 au hujawahi?

Mzee Shabaha
Marahaba. Jibu swali la dada.

Mtambaa_Msitu
Sawa. Msimu uliopita nilimpiga mmoja. Sikumpata.

Alitokea jioni, hatua kama themanini. Nikapiga, akaruka, nikaona manyoya na damu. Maganda yakarukia kwenye majani, baadaye niliyatafuta kwa tochi yanioneshe niliposimama. Nikaifuata damu hadi kwenye kijito, ikakatika. Nilirudi asubuhi nikazunguka mpaka saa nane mchana. Hakuna kitu. Risasi zilikuwa za kujilindia, ncha yenye shimo, greni 125, ndizo zilizokuwa nyumbani. Tangu siku ile sina usingizi mzuri. Ndiyo maana nataka kitu ambacho kikimgusa tu analala.

Ustadh_wa_Pori
Pole, lakini nitakwambia ukweli. Mnyama hakukuomba umfundishie shabaha. Ukinyanyua silaha umebeba dhamana, na ukimjeruhi kiumbe ukamwacha afe siku tatu kichakani, hiyo ni deni shingoni mwako.

Nasema hivi kwa sababu na mimi ninalo la kwangu. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga kulungu nikamkimbilia palepale. Alikuwa amelala mita mia mbele, aliponisikia akainuka na sikumwona tena. Laiti ningekaa chini nusu saa, angefia alipolala. Tangu hapo, nikipiga nakaa. Kisha naangalia damu kwanza. Ikiwa nyekundu ya kung'aa ina mapovu, ni mapafu, hayuko mbali. Ikiwa nyekundu iliyoiva, nyeusinyeusi, ni ini, ngoja saa kadhaa. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu umepiga tumbo, hapo ondoka kabisa urudi baada ya saa nane au zaidi, kwa sababu ukimfukuza anakwenda na maumivu yake mpaka usikofika. Mbwa wa kunusa damu akiruhusiwa kwenu, mtafute kabla msimu haujaanza, si usiku ule unahangaika.

Mtambaa, damu yako ilikuwa ya rangi gani?

Mtambaa_Msitu
Iliyoiva, Ustadh. Na nilianza kuifuata palepale.

Nyayo_Mbichi
Asante kwa kusema. Sasa tunazungumza.

Greni 125 ya ncha yenye shimo imetengenezwa ipasuke mapema kwa mtu aliye hatua saba. Kwenye bega la kulungu inaweza kuchanua juujuu na kuishia hapo. Risasi ya bastola haiendi kasi ya kutosha kuvuruga nyama mbali na njia yake kama ya bunduki ndefu. Inaua kwa tundu inalotoboa, basi. Unataka tundu refu lipite mapafu yote mawili na litokee upande wa pili ili damu iwe na pa kumwagikia. Kwa .357 hiyo ni greni 158 hadi 180, kichwa kigumu au cha kuchanua taratibu, mtutu inchi 6 ukipata, na umbali usizidi mita 45. Ulikuwa mbali zaidi ya hapo, na mtutu mfupi, na risasi ya kazi nyingine.

Halafu soma kanuni za jimbo lako upya. Mengine yanaweka kaliba ya chini kabisa, mengine yanapima hata mtutu.

Mtambaa_Msitu
Nakubali kuhusu risasi. Ila dada, kwa hayo maelezo yako si ndiyo unanipa sababu ya kupanda juu? Kama ingekuwa .500, hata ingempata pembeni ingemlaza. Kusema kweli nimeshalipa amana ya .500, wiki iliyopita. Nilitaka tu kuhakikisha. Ni silaha nzito, uzito unameza teke. Na ina nguvu ya kusamehe kosa dogo.

Mzee Shabaha
Kumbe umeshanunua! Sasa unatuuliza nini kijana wangu?

Nyayo_Mbichi
Hakuna kaliba inayosamehe. Tumbo lililopigwa kwa .500 ni tumbo lililopigwa. Atakimbia vilevile.

.500 ya Smith & Wesson ilitoka 2003, silinda ina matundu matano tu, na yenye mtutu mrefu ina karibu kilo 2. Sina ugomvi nayo. Wapo wanaoimudu vizuri. Lakini nimesimama kwenye uwanja wa shabaha nikiwatazama wanaume wazima wakipiga tatu za kwanza, ya nne wanafumba macho kabla ya mlio. Na jambo ambalo nataka ulisikie hata kama hutasikia lingine: kati ya silinda na mtutu pana upenyo mdogo, na hapo hutoka gesi ya moto kwa nguvu. Kwenye .460 na .500 ukiweka kidole mbele ya silinda unaweza kukipoteza. Mikono yote inakaa nyuma, kwenye mpini.

Kipenzi_cha_41
.41 haina mambo hayo.

Tuliza_Boli
Ngojeni kwanza. Mimi sijui mambo ya greni, ila kusoma najua. Mleta uzi amesema alipiga. Akasema "maganda yakarukia kwenye majani". Rivolva inatupa maganda? Nimetazama za watu nikaona ganda linabaki ndani ya silinda mpaka uifungue ulisukume mwenyewe. Bastola za magazini ndizo zinazotupa. Na ni maganda, mengi, kwa kulungu aliyepigwa mara moja? Wakuu, hii ni chai. Tena ya rangi.

Mzee Shabaha
Dah. Amesema kweli. Nilipita hapo sikuona.

Ustadh_wa_Pori
Kama umetunga, umetuchezea. Mimi nimeeleza jambo ambalo hata ndugu zangu sijawaeleza.

Jirani_Mpya
Nakaa hapa nasubiri majibu. Bila picha ya hiyo rivolva mimi siamini.

Nyayo_Mbichi
Msimhukumu bado. Mtambaa, rivolva haitupi maganda. Ulipiga ngapi?

Mtambaa_Msitu
Nimekaa na swali hili tangu jana usiku.

Sikutunga. Nilificha. Ya kwanza nilimpiga amesimama, ubavu wazi, ananusa chini. Nadhani nilikosa au nilimparuza. Akageuka akakimbia, na mimi nikaendelea kuvuta. Tano zilizobaki zote, bila hata kurudisha nyundo nyuma kwa kidole, namvutia tu anakimbia katikati ya miti. Silinda ilipoisha nikaifungua nikasukuma maganda yote sita nijaze tena, ndiyo yale yaliyorukia majani. Mikono ilikuwa inatetemeka, mengine yakaangukia mbali. Sijui ni risasi ipi iliyompata. Niliona aibu kuandika sita. Niliandika "nikapiga" ili ionekane moja.

Ustadh, nisamehe.

Ustadh_wa_Pori
Umesamehewa. Umesema, na mimi nimekusikia.

Tuliza_Boli
Basi nafuta neno langu kaka. Pole sana.

Mzee Shabaha
Kijana, nakupa zoezi alilonipa aliyenifundisha, halina gharama. Mpe mwenzako rivolva aijaze yeye, wewe ukiwa umegeuka. Aweke risasi mbili au tatu, matundu mengine aweke maganda matupu, azungushe silinda aifunge, akukabidhi ikiwa imeelekea shabaha. Wewe hujui lipi lina moto. Lenga, rudisha nyundo, bonyeza pole pole. Nyundo ikiangukia ganda tupu na mdomo wa mtutu ukachovya chini, umeuona ugonjwa wako kwa macho yako. Rivolva ni mwalimu mzuri kwa hili. Anza na .38 Special, risasi fupi na laini zaidi, kwenye hiyohiyo .357. Ukimaliza safisha matundu ya silinda, maana ganda fupi linaacha masizi mbele na .357 zitagoma kuingia.

Na masikio! .357 inavuka desibeli 160. Mimi nilidharau, sasa wajukuu wananipigia kelele nisikie.

Nyayo_Mbichi
Zoezi la Mzee ndilo. Ongeza hili: chukua sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20, ndio ukubwa wa moyo na mapafu ya kulungu kwa makadirio mazuri. Piga kwa mkao utakaotumia msituni, umeegemea mti au umekaa. Umbali ambao sita zote zinaingia kwenye sahani, ndio umbali wako. Zikiingia tano, sogea mbele. Na akianza kukimbia, silaha inashuka.

Kwa swali lako la kwanza: .44 yenye mtutu wa inchi 6 au 7.5, greni 240. .454 nayo ni nzuri, na inakubali .45 Colt kwa mazoezi, lakini kwa kulungu ni zaidi ya unachohitaji. Amana usiifanye sababu.

Mtambaa_Msitu
Wakuu, nimerudi baada ya wiki tatu. Shemeji yangu ndiye aliyejaza silinda. Siku ya kwanza maganda matupu yalikuwa manne, na yote manne mtutu ulichovya. Shemeji alicheka, mimi sikucheka. Nilikuwa nasukuma mkono chini kabla ya mlio, na nilikuwa sijui kabisa. Siku ya pili mara mbili. Jumamosi iliyopita, mara moja katika sita, na hiyo niliisikia mwenyewe inakuja.

Kwa .357 hiyohiyo ya inchi 4, greni 158, nimeegemea mti na nyundo nimeirudisha kwanza, sahani inakubali zote sita kwenye hatua thelathini. Kwenye arobaini zinatoka mbili. Kwa hiyo ni thelathini. Hatua themanini nilizompigia yule sikustahili hata kunyanyua mkono.

Nimeomba amana ihamishwe kutoka .500 kwenda .44 ya inchi 7.5. Ikikataliwa nitawinda msimu huu kwa hii niliyonayo, kwenye hatua zangu thelathini. Muuzaji hajajibu.

Kipenzi_cha_41
Ukimpigia tena muulize kama ana .41.