Nahamia Dar nikiwa na miaka 51, ofisi iko Posta: nipange wapi?

Mama Nyegezi
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Nahamishwa kutoka Mwanza kuja Dar es Salaam, ofisi iko Posta, kuingia ni saa 1:30 asubuhi. Tutakuwa wawili, mimi na mume wangu; watoto wako vyuoni. Yeye ana kliniki ya moyo kila mwezi pale Taasisi ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Mimi goti la kulia halitaki ngazi nyingi. Gari hatuna. Bajeti ni laki nne hadi laki tano kwa mwezi, vyumba viwili na sebule, choo ndani. Dalali ananitumia picha za Mbezi, Sinza, Tabata na Kigamboni. Naomba vigezo vya kuchagulia, maana nikishalipa miezi sita sitakuwa na hela ya kuhama tena.

Mkazi wa Shekilango
Karibu Dar dada. Kwanza mwulize huyo dalali: Mbezi ipi? Mbezi Luis, kwenye stendi ya Magufuli, iko Barabara ya Morogoro. Mbezi Beach iko upande wa baharini, Barabara ya Bagamoyo. Wageni wengi wanaitikia "Mbezi" kwenye simu, wakifika wanajikuta pembe nyingine kabisa ya jiji.

Anza na barabara, mtaa utafuata. Una safari mbili zisizokwepeka, Posta kila siku na Muhimbili kila mwezi (na siku yoyote usiku ikitokea dharura), na zote ziko mjini kati. Kwa hiyo pima kila mtaa kwa njia ya kuingilia mjini.

Barabara ya Morogoro ina mwendokasi, yaani mabasi ya haraka yenye njia yake, tangu 2016. Ukipanda Kimara Mwisho unaweza kupata kiti kwa sababu gari linaanzia pale. Ukipanda Shekilango, Manzese au Magomeni asubuhi, yanapita yamejaa. Ukilipata utasimama hadi Kivukoni, na goti lako ndilo litakalolipa. Ndiyo maana unaona watu wa katikati wanageuza na gari: wanarudi nyuma hadi Kimara ili wapate kiti. Hilo linakula muda, hesabu mapema.

Kitu ambacho picha za dalali hazionyeshi ni Jangwani. Mto Msimbazi ukijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale, na tawi la mwendokasi la Morocco nalo hupita hapohapo likitokea Magomeni. Ukitaka njia isiyotegemea Jangwani, tafuta upande wa Barabara ya Ali Hassan Mwinyi: Makumbusho, Kijitonyama, Mwenge. Daladala za Posta zinapita Daraja la Selander, na kwenda Muhimbili unashuka ukishalivuka kisha unachukua bajaji ya kuingia Upanga.

Kigamboni kodi ni nafuu na kivuko kinakushusha karibu na Posta. Lakini mwenye mgonjwa wa moyo afikirie saa 8 usiku: njia ya uhakika kwa gari ni kuzunguka Daraja la Nyerere. Kwa hali yenu mimi ningeiacha. Tabata ni mahali pazuri pa kuishi, ila foleni ya Buguruni asubuhi usiichukulie kirahisi.

Usilipe kabla hujaifanya safari yenyewe. Lala gesti ya mtaa huo usiku wa Jumapili, toka Jumatatu saa 12 kamili asubuhi, rudi saa 11 jioni. Sinza pia uiangalie Ijumaa saa 4 usiku, maana baa ni nyingi na nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa kelele.

Fundi Bomba
Nyongeza yangu ni ndani ya nyumba na kuta zake.

Maji ya mvua kwanza. Mto Ng'ombe unapita Sinza, Tandale na Mwananyamala, kwa hiyo hata mtaa wenye jina zuri una kona zake za bondeni. Nyumba iliyowahi kuingiwa na maji ina dalili: rangi mpya imepakwa hadi usawa wa kiuno tu, soketi zimepandishwa juu kuliko kawaida, mlangoni kuna kizingiti cha tofali kilichoongezwa baadaye, milango ya mbao imevimba chini. Angalia na uzio wa jirani. Ukiona umetobolewa matundu chini, maji yanapita hapo. Wanaotafuta nyumba Julai au Agosti ndio hudanganyika zaidi, kila kitu kimekauka. Muulize muuza genge wa jirani maji hufika wapi wakati wa masika, Machi hadi Mei.

Maji ya bomba: chukua ndoo ya lita 20, fungua bomba la jikoni. Ikijaa ndani ya dakika mbili ni sawa. Ikichukua dakika tano, tanki liko chini mno au bomba limeziba. Omba kuona bili ya maji ya DAWASA ya karibuni. Kama ni kisima, onja na ujaribu sabuni ya kipande. Ikikataa kutoa povu ni maji ya chumvi, utanunua ya kunywa na ya kupikia mwaka mzima. Simtanki la lita 1,000 linawatosha watu wawili siku tano au sita mgao ukianza, mradi liwe juu ya mnara. Likiwa chini linategemea pampu, na umeme ukikatika mtapandisha ndoo kwa mkono.

Bi Mkubwa wa Upanga
Mwanangu, Upanga ingekufaa kwa hospitali. Ila ukiambiwa fleti ya Shirika la Nyumba kwa laki nne na nusu, uliza mkataba na Shirika ni wa nani. Mpangaji wa Shirika haruhusiwi kukupangisha wewe. Ikigundulika mnatolewa wote, na kodi uliyompa hairudi.

La pili ni nyumba za urithi, na Dar ziko nyingi. Unamlipa kaka mkubwa, mwezi wa pili dada yake anakuja kudai fungu lake. Uliza wazi kama mwenye nyumba yuko hai. Kama ni marehemu, lipa kwa msimamizi wa mirathi tu, mwenye barua ya mahakama. Nenda na ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ni ya nani. Mjumbe huwa anajua. Jina kwenye mkataba na jina la akaunti unayolipia yawe yaleyale.

Miezi sita huwezi kuikwepa kwa sheria, maana sheria ya udhibiti wa kodi za nyumba ilifutwa 2005. Lakini omba mitatu. Mama mtu mzima mwenye ajira, asiye na watoto wadogo, wenye nyumba wengi wanamtaka. Usiione hiyo kuwa hoja ndogo.

Mama Nyegezi
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimepata Kijitonyama, ghorofa ya kwanza, laki nne na nusu, miezi sita. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni moja kwa nyumba tatu. Ina shida?

Fundi Bomba
Hapo kwenye LUKU simama. Mteja mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi hulipa takriban sh 122 kwa yuniti pamoja na kodi. Akizidi anaingia kundi la juu, ambako elfu kumi hutoa yuniti 28 hivi, yaani karibu sh 356. Mkitumia yuniti 60 kila nyumba, kila mmoja akiwa na mita yake angelipa kama 7,300. Kwa mita moja mnafikisha 180, fungu lako linakuwa kama 21,400, na hapo hakuna mwenye AC. Omba mita yako, au angalau mita ndogo ya kugawia, na iandikwe kwenye mkataba. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ni deni la mwenye nyumba, mwombe aipunguze kwenye kodi ya pango unayomlipa.

Bi Mkubwa wa Upanga
Fedha za kuanzia ni 2,700,000 za miezi sita, na 450,000 za dalali. Ya dalali mpe siku unayokabidhiwa funguo, si siku ya kuonyeshwa. Na hizo ngazi zihesabu, kisha uangalie kama zina mkono wa kushikia upande wa kulia unaposhuka. Mkono ukikosekana, mwambie mwenye nyumba auweke kabla hujasaini.