Mshtakiwa anasema "ni kweli niliichukua", lakini hakimu anaandika kwamba amekana kosa: kwa nini?

Mwanafunzi wa Ujiji

Habari za leo wanajukwaa. Ninasoma mwaka wa kwanza wa sheria kwa njia ya masafa nikiwa hapa Ujiji, na somo linalonisumbua ni sheria ya makosa ya jinai. Hivi karibuni nilikwenda kusikiliza mashauri katika mahakama moja ya wilaya mkoani kwetu, na mvuvi mmoja akapandishwa kizimbani kwa shtaka la kuiba injini ya boti. Hati ya mashtaka ilieleza kwamba aliifungua kwenye mtumbwi uliovutwa nchi kavu wakati wa mbalamwezi, siku ambazo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, akaipeleka nyumbani kwake. Aliposomewa shtaka na kuulizwa kama ni kweli au si kweli, alijibu: "Ni kweli niliichukua, ila na mimi nina changu mle." Hakimu aliandika, akamsomea alichokiandika, kisha akatamka kwamba mshtakiwa amekana kosa na upande wa mashtaka ujiandae kwa usikilizwaji wa awali.

Sisi tuliokaa benchi la nyuma tulibaki tunatazamana. Ikiwa mtu amekiri mbele ya mahakama kwamba alichukua mali, kwa nini asitiwe hatiani siku ile ile? Kuna haja gani ya kuwatoa mashahidi mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, waje kuthibitisha jambo ambalo mwenyewe hakulipinga?

Wakili wa Tabora

Ndugu mwanafunzi, hakimu yule alikuwa sahihi kabisa, na jibu la swali lako limo ndani ya maana yenyewe ya wizi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haisemi kwamba kila anayechukua kitu kilichoko mikononi mwa mwenzake ni mwizi. Kifungu cha 258 kinamtaka mtu awe amechukua kwa hila na bila kuwa na dai la haki juu ya kitu hicho. (Ninatumia namba za toleo la mwaka 2022, toleo la marekebisho la mwaka 2023 limepangua namba za vifungu katika sheria kadhaa, kwa hiyo zoea kukitambua kifungu kwa kichwa chake.) Kosa hili, kama yalivyo makosa mengi ya jinai, lina kitendo na lina nia, na vyote viwili lazima vithibitishwe. Mvuvi wako amekiri kitendo. Nia ameikana kwa maneno sita tu, "ila na mimi nina changu mle", na maneno hayo yanagusa moja kwa moja kifungu cha 9 cha Kanuni hiyo hiyo, ambacho kinamwondolea mtu dhima ya jinai katika kosa la mali ikiwa alitenda kwa dai la haki aliloliamini kwa dhati, pasipo nia ya kulaghai.

Upande wa utaratibu, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka hakimu ayaandike maneno ya kukiri kwa karibu iwezekanavyo na yalivyotoka kinywani mwa mshtakiwa. Soma pia uamuzi wa Adan dhidi ya Jamhuri wa mwaka 1973, uliotolewa na iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ambao mahakimu wetu wanaufuata mpaka leo. Shtaka pamoja na kila kiungo cha kosa huelezwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake likiandikwa kuwa ni kukiri, mwendesha mashtaka hueleza maelezo ya kosa papo hapo, kisha mshtakiwa hupewa nafasi ya kuyapinga au kuongeza lake. Akisema neno lolote linalotia shaka juu ya hatia yake, hata katika hatua hiyo ya mwisho, kukiri kwake kunafutwa na kunaandikwa kukana. Mvuvi wako hakufika hata huko. Alitia shaka kwenye jibu la kwanza.

Karani mstaafu

Naomba niongeze la upande wa masijala. Kabla Kigoma haijapata kanda yake ya Mahakama Kuu, rufaa za huko zilikuwa zinakuja kwetu Tabora, na majalada ya watu waliofungwa kwa kukiri yalikuwa mepesi kuliko yote, kurasa mbili au tatu. Katika baadhi yake, jibu la mshtakiwa lilikuwa "Ni kweli" na nukta, basi. Ni kweli nini? Kwamba alikuwepo? Kwamba alikamatwa? Jalada la namna hiyo lilirudishwa mahakama ya chini mara nyingi, na mtu alikuwa amekwisha kukaa gerezani. Mwanafunzi akipata nafasi ya kusoma majalada ya zamani, asiudharau ukurasa wa kwanza.

Mkazi wa Kibirizi

Wasomi, mimi si mwanasheria, lakini hili linanitia wasiwasi. Huku kwetu karibu kila mmiliki wa mtumbwi anadaiwa na mtu. Ikiwa kila mwenye deni lake anaweza kwenda usiku kufungua injini ya mdaiwa, kisha akasema mahakamani kwamba ana chake mle, si mmehalalisha uporaji?

Wakili wa Tabora

Hapana, ndugu yangu, na wasiwasi wako una msingi katika sheria yenyewe. Kifungu hicho hicho cha 258 kinaorodhesha nia zinazohesabiwa kuwa za hila, na mojawapo ni nia ya kukitumia kitu kama rehani au dhamana. Kwa hiyo jambo zima linategemea mvuvi alikuwa na maana gani. Ikiwa alichangia fedha za kuinunua injini ile na kwa dhati aliamini kwamba sehemu yake ni mali yake, huyo anazungumzia haki juu ya kitu chenyewe. Ikiwa injini ni ya mwenzake peke yake naye aliishikilia tu mpaka alipwe deni, hapo utetezi wake unakuwa mwembamba sana. Maneno "nina changu mle" yanabeba maana zote mbili, na ndiyo sababu haiwezekani kumtia mtu hatiani juu yake bila kusikiliza ushahidi.

Imani hiyo lazima iwe ya kweli, na mahakama huipima kwa mwenendo: je, aliichukua mchana watu wakiona, aliificha, aliikwangua namba, alimpa taarifa mwenzake? Na hata dai la haki likikubaliwa, halimkingi aliyempiga mlinzi wa mwalo. Kumpiga mtu ni kosa linalojitegemea. Njia iliyo wazi kwa mwenye kudai deni ni shauri la madai.

Mwanafunzi wa Ujiji

Nashukuru sana, wakili. Je, kama hakimu angemtia hatiani siku ile, mvuvi angekuwa na njia ya kukata rufaa? Mwalimu alituambia kwamba aliyekiri kosa anaruhusiwa kulalamikia adhabu tu. Na kwenye huo usikilizwaji wa awali, nitarajie kuona nini?

Wakili wa Tabora

Mwalimu wako amekufundisha kanuni ilivyo, ila kanuni hiyo inahusu kukiri kulikokamilika. Katika Laurence Mpinga dhidi ya Jamhuri, uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 1983, zimetajwa hali ambazo aliyekiri anaweza kupinga hata hatia yenyewe: kukiri kwake kuwe na utata au pungufu, awe amekiri kwa kukosea au kutoelewa, shtaka lisionyeshe kosa lolote kisheria, au maelezo aliyoyakubali yasitoshe kisheria kumtia hatiani kwa kosa lile. Mvuvi wako angeingia kwa mlango wa kwanza.

Kuhusu usikilizwaji wa awali, nenda siku hiyo ukiwa na daftari. Mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya kesi, mshtakiwa ataulizwa anakubali yapi na anakataa yapi, na yale yasiyobishaniwa yataandikwa na kutiwa saini. Yakishaandikwa yanahesabiwa kuwa yamethibitishwa, isipokuwa mahakama ikiona haki inahitaji vinginevyo. Kwa hiyo wale mashahidi uliowaonea huruma, waliomwona akiifungua injini, huenda wasiitwe kabisa. Watakaohitajika ni wale wanaojua nani alitoa fedha za kuinunua.