Mzee kapooza, nyumba iko mlimani: ndugu tugawane vipi zamu na gharama?

Bugarika_Juu
Wakuu, naomba mwongozo. Mzee ana miaka 74, kiharusi, upande wa kulia umepooza, hawezi kujigeuza. Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, wamemruhusu. Nyumba ni ya mlimani, bajaji inaishia barabarani, kuanzia hapo ni ngazi za mawe. Tuko ndugu watano: wawili Dar, mmoja Geita, wawili hapa. Wa Dar wanataka tuchange kiti cha magurudumu. Mzee ni mstaafu wa serikali. Tuanzie wapi?

nesi_wa_zamu
Kiti kitasubiri. Asiyejigeuza huanza kuharibika ngozi ndani ya siku chache, kwenye nyonga, kiuno na visigino. Pitisheni mkono chini ya godoro usawa wa makalio. Mkiusikia mwili, godoro limekwisha. Mgeuzeni kila saa 2, usiku pia: mgongo, kushoto, mgongo, kulia. Akiwa ubavu awe ameinama kama nyuzi 30, mto nyuma ya mgongo, asilalie mfupa wa nyonga. Mto mwingine chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu. Tafuteni sehemu iliyokoza rangi, yenye joto au ngumu. Hapo msisugue, mwondoleeni uzito.

Na msimnyanyue kwa kuvuta mkono uliopooza. Bega linachomoka, na wengi hufanya hivyo kila asubuhi. Akikohoa akinywa maji, ulizeni kliniki kabla ya kuendelea kumpa vya majimaji.

Kirumba_hesabu
Saa 2 maana yake kumgeuza mara 12 kwa siku. Mtu mmoja hawezi, hata mkimlipa. Kwa hiyo gaweni saa kabla ya kugawa shilingi. Msaidizi wa kuajiriwa ana haki ya saa 24 za mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Andikeni sasa ni ndugu gani anashika siku hizo. Anayekesha hapa ahesabiwe amechanga, la sivyo wa Dar watajiona wao ndio wanaotoa.

Matumizi ya kila siku ndiyo yanayokausha mfuko. Pampasi 4 kwa siku ni 120 kwa mwezi, nunueni kwa katoni. Mfuko wa dharura uwe kando, usiguswe kwa pampasi.

Pensheni: msikose uhakiki wa wastaafu (kuthibitisha kuwa yuko hai), malipo yanaweza kusimama. Hati ya uwakilishi, ya kumruhusu mmoja wenu kumshughulikia mambo yake, aitoe mwenyewe angali anaelewa mambo. Akili ikishapotea hawezi tena kuitoa, mtaishia mahakamani.

ustawi_kata
Kama alikuwa mwanachama wa NHIF (bima ya afya ya taifa) kazini, fuatilieni kwanza kadi yake ya mstaafu. Msamaha wa matibabu unaotokana na Sera ya Wazee ya 2003 ni wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo; unaanzia kwa mtendaji wa mtaa, kisha afisa ustawi. Dawa zikikosekana dirishani mtanunua nje. Makazi ya Bukumbi kule Misungwi msiyafikirie, yale ni ya wazee wasio na wa kuwatunza. Pensheni ya wazee wote ipo Zanzibar tangu 2016, huku bara hakuna.

Ngazi zenu ndizo tatizo kubwa. Njia ya kiti inataka sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Mlima wa mita 3 unadai mita 36, na pale ni miamba mitupu. Pangeni chumba tambarare, Nyakato au Igoma, chenye maji bombani na mlango wa choo usiopungua sentimita 80. Kubebwa na vijana wanne kila kliniki ni gharama, na siku ya mvua ni hatari.

Bugarika_Juu
Shukrani. Na kitanda?

nesi_wa_zamu
Urefu ufike kiunoni kwa anayemgeuza. Fundi aweke matofali chini ya miguu yote minne, yashikwe na saruji yasiteleze. Upande wa ukutani uwe ule usiopooza? Hapana, uacheni wazi, ndio atakaotumia kushuka akianza mazoezi.