Daraja la reli la Victoria Falls: nusu mbili za tao zilikutanaje hewani?

Mpenda Reli
Wakuu, daraja hili la Zambezi, kati ya Zambia na Zimbabwe, lilizinduliwa Septemba 1905. Mto uko mita 128 chini, kwa hiyo nguzo za muda za kubeba tao zisingewezekana. Nusu ya tao ilining'iniaje bila kuanguka? Na kwa nini vipande vya katikati viligoma kuingia siku ya kufunga?

Fundi Chuma
Mkuu, kila nusu ilishikwa kwa nyuma. Nyaya nene za chuma zilifungwa kwenye ncha ya juu ya tao upande wa ukingo, zikapitishwa ndani ya mashimo yaliyotobolewa kwenye mwamba. Tao linavuta kuelekea mtoni, mwamba unakataa. Kreni inasimama juu ya chuma kilichokwisha kufungwa, inaunga kipande kinachofuata, kisha inasogea.

Vyuma vilitengenezwa Darlington, Uingereza, vikaja kwa reli kupitia Bulawayo. Vyote vikawa ukingo wa kusini! Vya kaskazini vilivushwa kwa waya uliotandazwa juu ya korongo. Kamba ya kwanza ilirushwa kwa roketi.

Kugoma kule ni joto tu. Chuma hurefuka takriban milimita 0.012 kwa kila mita, kwa kila nyuzi 1. Tao ni mita 156.5. Likipata joto la nyuzi 15 zaidi, ni milimita 28 hivi. Jioni ncha zilipishana, usiku chuma kikapoa na kunywea, na asubuhi ya 1 Aprili 1905 vipande vikaingia. Kosa kubwa lingekuwa kukata chuma jioni ile: alfajiri pengo lingefunguka na matundu ya ribiti (misumari ya kuunganisha vyuma) yasingelingana.

Mataruma
Fundi kamaliza upande wa ujenzi. Naongeza umuhimu wake, maana wengi hulitaja kwa utalii tu. Lilifungua njia ya kusafirisha shaba: reli ilifika mpaka wa Kongo 1909, na Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, 1910. Udhaifu wake ni kwamba Zambia ilibaki inategemea mlango wa jirani. Ian Smith, kiongozi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), alifunga mpaka Januari 1973, na hapo thamani ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokuwa bado inajengwa, ikaonekana wazi. Agosti 1975 Smith na viongozi wa ukombozi walikutana ndani ya behewa lililosimamishwa katikati ya daraja hili hili, Rais Kaunda wa Zambia na Waziri Mkuu Vorster wa Afrika Kusini wakiwa wapatanishi.

Mpenda Reli
Asanteni sana. Je, behewa la TAZARA linaweza kupita pale?

Mataruma
Kwa geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ndiyo: zote ni milimita 1,067, zinaungana Kapiri Mposhi. La reli ya kati ya zamani ya Tanzania haliwezi, ile ni milimita 1,000. Ila pale darajani sasa kuna njia moja tu ya treni. Zilikuwa mbili, sakafu iliinuliwa na kupanuliwa mwaka 1930 ili magari nayo yapite.