Mjadala: Lamu na Malindi, tupime kila anayelazwa au wenye dalili tu?

Mleta mada, Malindi
Wadau, salaam. Kirusi cha njia ya hewa kikizuka tena kama korona ya 2020, tupime kila anayelazwa, hata aliyeanguka mnazini akavunja mguu? Nasema ndiyo. Ukipima wenye homa na kikohozi pekee, asilimia unayotangaza ni ya wakohozi, si ya mji. Kumbukeni damu ya wachangiaji iliyopimwa kingamwili Aprili hadi Juni 2020: Mombasa ilitoa kama asilimia 8, ilhali hadi mwisho wa Mei waliothibitishwa Kenya nzima hawajafika 3,000.

Mtu wa maabara, Malindi
Ndugu yangu, piga hesabu kwanza. Kiwango cha chini cha WHO, Shirika la Afya Duniani, kwa kipimo cha haraka (kile cha kimstari, majibu papo hapo) ni kuwakamata 80 kati ya wagonjwa 100 na kuwaachia 97 kati ya wazima 100. Leta watu 1,000, walioambukizwa wawe 10: utakamata 8, na wazima kama 30 wataambiwa wana virusi. Wimbi likipanda wakawa 200, unakamata 160, wanaosingiziwa 24 tu. Kipimo ni kilekile, foleni ndiyo iliyobadilika.

Mleta mada
Basi PCR, kile kipimo cha mashine ya maabara, tuchanganye sampuli tano tano. Watu 100, mirija 20, kazi imekwisha.

Mtu wa maabara
Haijesha. Kundi likitoa virusi unawarudia wote watano. Maambukizi yakiwa asilimia 1, jumla ni vipimo kama 25, raha. Yakifika asilimia 20, ni kama 87, umeokoa nini? Tena kuchanganya kunazimua sampuli, mashine inahitaji mizunguko kama miwili zaidi ili ione virusi, mwenye vichache anakuponyoka. Na huyo wa mnazini, PCR huweza kuokota mabaki ya virusi wiki kadhaa baada ya mtu kupona, ukamhesabu mgonjwa.

Nesi, Amu
Mnabishania mashine, huku mambo huharibika kabla hayajaifikia. Vipimo vya haraka vingi vimeandikwa 2 hadi 30 °C. Viweke stoo ya bati wakati wa kaskazi uone. Ukienda kunywa chai ukarudi baada ya saa nzima, kile kimstari hafifu kilichojitokeza kwenye kipimo si ugonjwa. Na kijiti cha puani kiende sambamba na kaakaa, si kuelekea juu, mpaka kigote nyuma, kizungushwe taratibu, kikae sekunde chache. Anayechovya mlangoni mwa pua anaandika “hana” kwa mtu aliye na virusi. Cha mbao ndiyo usiguse kabisa, huvuruga PCR.

Karani wa takwimu, Lamu
Mimi ugomvi wangu ni daftari. Mwenye homa, aliyekaa na mgonjwa, dereva wa lori na anayetaka cheti cha safari, wote mnawatia chungu kimoja. Wiki ya wasafiri wengi asilimia inashuka, watu wanashangilia, na virusi havijaenda popote. Andikeni sababu ya kupimwa, siku dalili zilipoanza, na aina ya kipimo. Kila kundi na asilimia yake.

Mleta mada
Daftari nimekubali, karani. Waliolazwa siwaachi: vitanda vimebanana, na asiye na dalili huambukiza. Wimbi likipanda tupime wote, likishuka wenye dalili.

Nesi, Amu
Na nani atajua limepanda? Sampuli huvumilia saa 72 kwenye 2 hadi 8 °C. Kusi ikichachamaa boti ya kisiwa cha Kiwayu haiondoki, barafu inayeyuka kashani. Hiyo wiki Kiwayu itaandikwa sifuri.